Kifua cha Mama

Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hupoa upesi, naye akipoa aweza kufa.

Huko Bogotá, katika nchi ya Colombia, mwaka 1978, daktari wa watoto Edgar Rey Sanabria aliona mashine za joto hazitoshi. Wachanga walilazwa pamoja katika mashine moja, wakaambukizana maradhi. Daktari hakukaa kungojea mashine mpya. Aliwarudisha kwa mama zao, wafungwe kifuani, ngozi kwa ngozi, wakinyonya maziwa ya mama. Mwenzake, Héctor Martínez, aliiendeleza kazi hiyo, nayo ikaenea ulimwenguni kwa jina la njia ya kangaruu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianzwe mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Basi tusiseme, “Huyu hataishi,” ilhali Mwenyezi Mungu hajasema. Lakini mama aliyefunga mtoto kifuani hawezi kulima wala kuchota maji. Baba na ampokee mtoto kwa zamu. Majirani na wateke maji. Tukimwacha mama peke yake, twausifu uhai kwa midomo tu.