Kipimo cha Boriti

Mikindani, kilomita kama kumi kutoka Mtwara mjini, zipo nyumba za mawe zilizokwisha kupoteza mapaa. Ingia katika mojawapo uinue uso: utaona safu ya matundu ukutani, yamepangana kwa nafasi sawa, na mengine bado yameng'ang'ania vipande vya miti iliyoliwa na mchwa. Hapo ndipo zilipolala boriti za mkoko zilizobeba dari. Siku moja nilinyoosha mikono nikapima chumba, ukuta hadi ukuta. Pima moja na nusu hivi. Nikahamia cha pili, kikawa vilevile. Nyumba ilikuwa ndefu, lakini vyumba vyake vilikuwa vyembamba kama ushoroba, na hakuna hata kimoja kilichothubutu kupanuka.

Kwanza nilidhani ni uhaba wa fedha. Kisha nikakumbuka milango ya mji ule, miimo yake iliyochongwa maua na minyororo, nikaona nimekosea. Mwenye kulipia mlango wa namna ile hakushindwa kulipia nafasi. Aliyempangia upana wa chumba ni mti. Boriti ya mkoko ikikaribia mita tatu huanza kubonyea chini ya uzito wa dari ya mawe na chokaa, na fundi hakuwa na la kufanya ila kutii. Mafundi wa Kilwa, Unguja na Lamu nao walitii kipimo hichohicho. Tajiri akitaka ukubwa, aliongeza idadi ya vyumba au akapanda ghorofa, lakini upana haukuongezeka.

Katika nyumba kama ile kila kitu kina jawabu. Chumba kinaishia hapa kwa sababu mti unaishia hapa. Ukuta ni mnene kwa sababu matumbawe na chokaa havisimami vikiwa vyembamba, na unene huohuo ndio unaozuia jua la mchana. Kwa kuwa ukuta ni mnene, fundi anaweza kuumega kidogo na kutengeneza kidaka, mahali pa kuweka taa au msahafu. Nje, chini ya ukuta, kuna baraza. Hiyo haikulazimishwa na mti wala jiwe. Mwenye nyumba alikata sehemu ya kiwanja chake akampa mtu ambaye hataingia ndani: jirani, muuza samaki, mpita njia aliyechoka. Mimi hapo ndipo ninapomwona msanifu, ingawa siku zile hakuitwa hivyo. Yaliyo ya lazima aliyakubali, na palipobaki uhuru akamfikiria mtu mwingine.

Sitaki kuzipamba mno nyumba hizi. Zililipiwa na bahari. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakawa chokaa, na kila tanuri ilikula miti na miamba wanamozaliana samaki. Leo ukishuka kusini hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, upo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, ambamo mikoko na matumbawe vinalindwa. Ni sawa kabisa. Bahari iliyoijenga Mikindani haiwezi kuijenga Mtwara ya leo, wala haifai kuombwa.

Nyumba ya ibada ina shida yake, kwa maana yenyewe haiwezi kukubali kuwa nyembamba. Watu lazima wakae pamoja. Waliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani walitatua shida hiyo kwa kupanda msitu wa nguzo na kuufunika kwa kuba. Askofu Edward Steere, Unguja, alichagua njia nyingine. Katika kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1873 pale lilipokuwa soko la watumwa, aliezeka kwa tao refu la saruji na matumbawe yaliyopondwa, bila nguzo za kati. Wako waliosema litawaangukia. Mpaka leo liko juu.

Lakini watu wakitembelea kanisa lile hawaulizi habari za tao. Wanaonyeshwa nguzo za nyuma, zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kwamba Steere alikuwa safarini bara, na aliporudi akakuta mafundi wamekwisha kuzisimika. Akaziacha.

Nimezifikiria sana nguzo zile. Kwa Mzungu aliyezoea nguzo za kale, kitako na kichwa ni kama herufi: kila kimoja kina mahali pake. Kwa mwashi asiyezijua herufi zile, palikuwa na jiwe refu lenye ncha mbili, basi. Na jiwe lilibeba mzigo vilevile. Tena Steere ndiye yule aliyeiandikia lugha yetu kitabu cha sarufi. Alijua vizuri kwamba neno halina maana mpaka wawili wakubaliane. Zipo basi maana tunazopatana, ambazo hupotea msemaji na msikilizaji wakipishana, na zipo maana ambazo mzigo wenyewe unazilazimisha. Mwashi alizisoma hizi za pili bila kosa. Sioni aliyeharibu kitu.

Steere huyohuyo mwaka 1876 alishuka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akikusudia Ziwa Nyasa. Waliishia Masasi, wakajenga. Kusini hukuhuku ndiko alikotoka Beda Amuli, msanifu wa soko la Kariakoo, aliyekuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa kazi hiyo Afrika Mashariki. Amuli alikuwa na zege na nondo, boriti haikumbana. Angeweza kumwaga paa lolote. Akachagua miavuli mikubwa ya zege, kama miti ambayo watu huuza chini ya kivuli chake, akairudia mmoja baada ya mwingine mpaka soko likaenea. Alipokosa mti wa kumpangia kipimo, alijitafutia wake.

Na pale Majengo, Mtwara mjini, kanisa la Mtakatifu Paulo kwa nje halikuiti. Ukivuka kizingiti, kuta zote zimejaa habari za Biblia kwa rangi kali, kazi ya padre Mbenediktini, Polycarp Uehlein, iliyochukua kama miaka miwili. Ni kinyume cha Mikindani, ambako urembo wote umewekwa mlangoni, upande wa barabara.

Juzi nilimtembelea fundi anayesimamisha nyumba nje kidogo ya mji. Nguzo mbili za duara zilikwisha kusimama mbele, zenye vichwa vya maua ya saruji vilivyonunuliwa dukani.

"Sebule ina upana gani, fundi?"

"Mita saba, mzee."

"Kwa nini saba?"

Akaitazama ramani, akaigeuza, akaitazama tena. "Mwenye nyumba kataka saba."

Tulizungumza mpaka jua likashuka, tumeketi juu ya matofali yaliyobaki. Katika ramani ile hapakuwa na baraza.