Ndege Moja na Mbingu Tupu

Mpiga picha mmoja hukusanya, na mwingine huacha. Yule akusanyaye hutaka kila kitu kiingie: uwanja, mahema, bendera, umati wa watu, mawingu, na ndege tatu au nne juu ya hayo yote, mfano wa mama aandaaye chakula cha sikukuu asitake mgeni akose kitu. Yule aachaye hutaka kitu kimoja tu. Nilipata kuiona kazi ya mtu wa namna hii ya pili. Ilikuwa karatasi nyeupe karibu yote, na huko juu pembeni palikuwa na ndege ndogo ya sarakasi iliyopinduka, tumbo juu na kichwa cha rubani chini. Uzi mwembamba wa moshi ulitoka nyuma yake, ukapinda, ukafifia kabla ya kufika katikati. Basi. Kijana mmoja, mwanafunzi wangu, aliitazama kwa muda akaniuliza, "Mwalimu, vitu vingine viko wapi?"

Swali lile lilinichekesha kwanza, kisha likanifikirisha. Mtu aulizwaye habari za jambo, akaeleza sehemu moja ya kumi na kunyamaza juu ya tisa zilizobaki, humwita mfichaji, na pengine mwongo. Mpiga picha aliyeziacha sehemu tisa za uwanja ana udhuru gani ambao shahidi mbele ya hakimu hana?

Udhuru wake wa kwanza ni kuwa jicho la kila mtu hufanya vivyo hivyo. Tarehe 9 Septemba, 1913, mjini Kyiv, ambao wakati ule ulikuwa katika dola ya Urusi, rubani Pyotr Nesterov alipanda angani na ndege yake ya Nieuport, akaizungusha wima mzunguko mzima, kichwa chini miguu juu, hata akarudi alikoanzia. Hapana aliyepata kufanya hivyo kabla yake. Waliosimama uwanjani waliona binadamu akichora duara mbinguni. Wakubwa wake jeshini waliona mali ya serikali ikitiwa hatarini, wakamtia kifungoni kwa siku chache. Baadaye walimpandisha cheo. Ndege ilikuwa ile ile, na mbingu ile ile. Kila upande uliangalia jambo moja ukaacha jingine, wala sioni kuwa upande wowote ulisema uongo.

Udhuru wa pili naupenda zaidi. Mtunga shairi wetu hupewa mizani 16 katika mshororo, nane na nane, wala hapewi ya kumi na saba. Kwa hiyo huacha maneno mengi mazuri nje ya mlango, na yale machache aliyoyaingiza hupata uzito kwa sababu ya yale yaliyobaki nje. Mbingu tupu katika picha ile ina kazi hiyo. Rubani wa sarakasi yu peke yake kwa kweli. Uwanja uko mbali chini yake, kelele za watu hazimfikii, wala hapana mkono wa mtu uwezao kumsaidia katika sekunde ile aliyopinduka. Picha iliyojaa mahema na bendera ingalitueleza habari za sikukuu. Picha ile iliyo tupu ilitueleza habari za upweke. Ningeshuhudia mbele ya hakimu yeyote kuwa ni kweli.

Hata hivyo, katika kazi hii ukweli una mitego yake, na mmoja wao ni wa ajabu kidogo. Puani mwa ndege nyingi za sarakasi mna rafadha, yaani yale makafi yazungukayo kwa kasi yakaivuta ndege mbele. Jicho la kamera likifunguliwa kwa sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, picha hutoka safi kabisa, kila msumari ukaonekana. Lakini rafadha nayo huonekana imesimama, kana kwamba injini imezimika na ndege ni kitu cha kuchezea kilichotundikwa kwa uzi. Likifunguliwa kwa muda mrefu zaidi, sema sehemu moja ya mia na ishirini na tano, rafadha huwa duara la ukungu kama tulionavyo kwa macho yetu. Lakini sasa mpiga picha hana budi kuifuata ndege kwa kamera bila kutikisika, naye atapiga picha nyingi akazitupa kabla ya kupata moja. Aichaguaye njia hii hukubali kupata hasara ili asiizimishe injini ya mtu. Mimi humheshimu kwa hilo kuliko kwa uzuri wa picha yenyewe.

Mtego mwingine ni wa siku hizi. Kundi la Red Arrows la jeshi la anga la Uingereza, lililoundwa mwaka 1964, linajulikana kwa ndege zake nyekundu zirukazo 9 pamoja, zikitoa moshi mweupe utokanao na dizeli inyunyizwayo katika hewa ya moto nyuma ya injini, na mwekundu na buluu ikiongezwa rangi. Mpiga picha aweza kungoja mpaka moja itengane na wenzake, akaipata peke yake. Aweza pia kuzipiga zote, kisha akaketi nyumbani mbele ya kompyuta akafuta nane. Picha mbili hizi zaweza kufanana kama mapacha. Lakini yule wa kwanza asema, "Nilisimama hapa, nikatazama kule." Yule wa pili asema aliona jambo ambalo hakuliona. Sidai kuwa mpaka baina yao umenyoka kama reli. Nimewajua watu waaminifu wafutao kidoa cha vumbi katika picha, na sina ugomvi nao. Bali ndege si vumbi.

Sasa nafika kwenye jambo lililolifanya swali la kijana yule lisinitoke. Mwaka 1952, tarehe 6 Septemba, katika maonyesho ya Farnborough nchini Uingereza, ndege ya de Havilland 110 ilivunjika angani, na vipande vyake vikaangukia umati. Watu 29 waliokuwa wakitazama walikufa pamoja na wawili waliokuwa ndani yake. Baada ya msiba huo sheria zilikazwa ili ndege zisielekezwe juu ya watazamaji. Ni sheria njema, na hapana shaka iliokoa watu wengi waliokuwa ndani ya ua. Kisha, tarehe 22 Agosti, 2015, huko Shoreham, pwani ya kusini ya nchi ile ile, ndege ya zamani ya kivita aina ya Hawker Hunter ilianza mzunguko wima kama ule wa Nesterov. Ilipofika juu haikuwa imepata kimo cha kutosha. Ilishuka, ikakosa nafasi ya kuinuka, ikaangukia barabara kuu kando ya uwanja. Watu 11 walikufa, na wote walikuwa nje ya uwanja. Baadhi yao walikuwa wamesimama kando ya barabara kutazama, na wengine walikuwa wakipita katika shughuli zao. Wawili walikuwa vijana waliokuwa wakienda kucheza mpira.

Barabara ile ilikuwa pale tangu asubuhi. Kila aliyeielekeza kamera juu siku ile aliiacha nje ya picha, kama ambavyo mimi ningaliiacha, wala simlaumu hata mmoja. Waandaao michezo hiyo nao huweka mipaka yao, na waliomo ndani hulindwa kwa bidii. Lakini mpiga picha akiacha barabara nje, barabara haidhuriki. Mwenye kuamua ndege zitapita wapi akiiacha nje ya mawazo yake, vijana wawili hawafiki mchezoni. Ni tendo moja, la kuchagua cha kutazama, na uzito wake hautoshani mikononi mwa watu hawa wawili.

Nilimweleza mwanafunzi wangu haya kwa kifupi, nikamwambia ya kuwa namwachia mpiga picha mbingu yake tupu, na kwamba ninalomtaka ni dogo: aandike nyuma ya picha mahali, siku, na ni nini kilichokuwa chini ya ndege ile. Kijana akaigeuza karatasi kutazama. Hapakuandikwa kitu.