Sahau na Dhima

Ami yangu, aliyesomesha Kurani watoto wa mtaa wetu kwa zaidi ya miaka 40, na ambaye hata leo huisoma Yasini mwanzo hadi mwisho pasi na kutazama msahafu, alimwambia bintiye asubuhi moja, "Mwanangu, sijachoma sindano," ilhali nusu saa haijapita tangu ajichome. Pamba yenye tone la damu ilikuwa bado i juu ya sinia, kando ya kikombe cha chai isiyo sukari.

"Umeshachoma, baba," akajibu binti, akamwonyesha ile pamba. Mzee akaitazama, akanyamaza, machozi yakamlenga.

Tangu siku hiyo najiuliza: mtu akiondokewa na kumbukumbu, dhima yake huenda wapi?

Kwa upande wa ibada, mafakihi wametupa jawabu. Mwenye kushuku katika sala, asijue amesali rakaa tatu au nne, hushika tatu kwa kuwa ndiyo yakini, akaongeza moja, kisha akasujudu sijda mbili za kusahau, na sala yake ikasihi. Ama aliyeondokewa na akili kabisa, taklifu humwondokea. Lakini sindano ya insulini haina sijda ya kusahau. Mwenye kushuku akajiongezea, sukari humshuka, jasho likamtoka, akazimia, na huenda asiamke tena. Penye shaka, msali huongeza. Mwenye sindano hana ruhusa ya kuongeza, ila damu ipimwe kwanza.

Na uzito wa mtihani huu ni kwamba maradhi yenyewe ya kisukari huidhoofisha ile kumbukumbu inayohitajiwa ili yatibiwe. Ubongo, ambao uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, hutumia kadiri ya asilimia 20 ya nishati ya mwili. Sukari ikizidi damuni miaka na miaka, huharibu mishipa myembamba inayoulisha, na ikishuka mno, huuacha na njaa. Wataalamu wa Rotterdam, huko Uholanzi, waliowafuatia wazee zaidi ya 6,000, walieleza mwaka 1999 kwamba wenye kisukari walipatwa na maradhi ya usahaulifu karibu mara mbili ya wenzao. Si kila mwenye kisukari atasahau, alhamdulillahi. Lakini kusema "uzee huo" na kupita ni dhuluma.

Wako wasemao kwamba hii ni kadari, nami naiamini kadari kama waiaminivyo wao. Hata hivyo naona dhima iliyomtoka mzee humshukia aliye karibu naye mwenye akili timamu, kama mali ya yatima iwavyo amana mikononi mwa wasii, naye ataulizwa.

Binti wa ami sasa ana daftari. Kila sindano huandikwa saa yake, na dawa imefungiwa, ufunguo anao yeye. Ewe msomaji mwenye mzazi wa sukari, usingoje mpaka apotee njia ya msikitini. Fungua daftari leo, na mkienda kliniki, mweleze daktari yale anayoyasahau, kwani mwenyewe hatayakumbuka ayaseme.