Mgeni na Chungu cha Mwenyeji

Mtu asafiripo nchi ya mbali hupimwa kwanza penye chakula. Huwekewa mbele yake kitu asichokizoea, naye hana budi kuchagua. Wengi hudhani njia ni mbili tu, kukataa na kula. Mimi nasema ziko tatu: kukataa, kula kwa pupa, na kula kwa heshima. Hizo mbili za mwisho hufanana machoni, lakini hazifanani kabisa.

Nalikuwa mgeni katika nyumba ya wakulima wa Veneto, kaskazini ya Italia. Jioni mama wa nyumba, mzee wa miaka mingi, alisonga unga wa mahindi katika chungu cha shaba, wala mkono wake haukupumzika kwa muda mrefu. Kisha akaupindua juu ya ubao, akaukata kwa uzi. Wenyewe huuita polenta. Nilipouona nikacheka kwa furaha, nikasema, “Mama, hiki ni chakula cha kwetu! Mna bahati kukila siku zote.” Mjukuu wake alipomfasiria, yule mama hakucheka. Akajibu kwa upole, “Mwanangu, bibi yangu alikila siku zote kwa kuwa hapakuwa na kingine.”

Neno lile lilinichoma, nikatafuta maana yake. Mahindi yalifika Ulaya kutoka Amerika baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Hata katika karne ya 18 na ya 19, wakulima maskini wengi wa Italia ya kaskazini walikuwa hawapati kitu ila polenta. Ndipo ugonjwa wa pelagra ulipowashika: ngozi ikakwaruzika, tumbo likaharibika, akili ikapotea, na wengi wakafa. Lakini watu wa Meksiko, waliolima mahindi tangu kale, hawakuteswa hivyo, maana desturi yao ni kuyapika kwanza kwa maji ya chokaa. Wazungu walichukua mbegu, wakaiacha hekima ya wenyewe. Chanzo hakikuthibitika mpaka karne ya 20, daktari Joseph Goldberger wa Marekani alipoonyesha ya kuwa ni upungufu katika chakula, wala si ugonjwa wa kuambukizana.

Basi tazameni fundisho lililomo. Walichukua chakula cha watu bila kuwauliza jinsi kinavyopikwa, wakadhurika. Msafiri wa leo hataugua kwa mlo mmoja, lakini moyo wake waweza kudhurika. Akila pasipo kuuliza, huondoka tumbo limejaa na kichwa ni kitupu. Tena huwaona wenyeji kuwa watumishi wa starehe yake tu. Venice, mji mkuu wa jimbo lile lile, umesongwa na wageni wa namna hiyo, hata mwaka 2024 ukaanza kuwatoza ada wajao kwa siku moja, katika siku zenye watu wengi.

Labda mtu atasema, “Je, nisifurahie chakula? Niomboleze juu ya sahani?” La, sivyo. Yule mama mwenyewe alikula kwa furaha, maana sasa polenta yake ilikuwa na uyoga na jibini. Tena furaha yake ilipita yangu, kwa sababu alijua ilikotoka. Mimi nalionja mahindi. Yeye alionja mahindi na kushiba kwa watoto wake. Kuuliza hakupunguzi utamu wa chakula, bali huuongeza.

Nalimwomba radhi, nikamwuliza habari za bibi yake. Akasimulia mpaka moto ukazimika mekoni. Wazee wetu husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Zamani nalidhani mwenyeji hupona kwa zawadi aletewayo. Usiku ule nalitambua ya kuwa hupona pia kwa kuulizwa, na kwa kupata mtu wa kumsikiliza.