Mvua Inyeshapo Shimoni, ni Hasara ya Nani?

Sisi tukaao Igoma twaijua masika. Ngurumo husikika upande wa ziwa, na kabla mtu hajaanua nguo zake, maji yashuka kwa nguvu kati ya majabali. Mvua ikisha pita, mara nyingine huonekana njiani vigae vya vyungu. Si vyote vya bibi zetu. Vyungu viitwavyo Urewe, kwa jina la mahali katika nchi ya Kenya, vyenye kibonyeo kitakoni, vilifinyangwa kandokando ya ziwa hili zamani zipatazo miaka elfu mbili, na watu waliojua kulima na kufua chuma. Mwaka 1969 Soper na Golden walipiga chapa habari za uchunguzi wa mambo ya kale katika mkoa wa Mwanza.

Basi nataka kuuliza neno moja, nalo si la vyungu bali la haki. Kibarua aliyeajiriwa kwa siku kuchimba mahali pa kale amefika alfajiri, na mvua imenyesha. Turubai limetandazwa juu ya shimo, watu wamejikunyata hemani. Je, astahili ujira wake?

Wengi watajibu upesi: Hakufanya kazi, asilipwe. Lakini tulitazame vema. Mchimbaji wa mambo ya kale hachimbi kama mchimba kisima. Akwangua kwa mwiko tabaka moja moja, na tabaka likisha ondolewa haliwezi kuchimbwa tena hata milele. Kinachobaki ni kile kilichoandikwa daftarini. Tope halipiti katika chekeche. Kuta zilizolowa huporomoka, na kaa la juu likianguka chini, miaka itakayohesabiwa kwa kaa hilo itakuwa uongo. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt alichimba Katuruka, upande wa Bukoba, akiongozwa na masimulizi ya wazee, na makaa ya matanuri ya chuma ndiyo yaliyoonyesha ukale wa kazi ile.

Sasa mfikirieni mtu ajuaye kwamba mvua ikivunja kazi, watoto wake watalala njaa. Atafanya nini aonapo kuta zinalegea? Atanyamaza. Au atasema, bado twaweza kuchimba kidogo. Nani atamlaumu? Mwenye kumnyima ujira amemfundisha kuficha, kisha ataka daftari la kweli!

Wako wasemao kwamba fedha za kazi hizo ni chache, na masika ni marefu. Sikatai, ndiyo maana wenye busara huchagua kiangazi. Tena hemani iko kazi, kuosha vigae na kuviandika namba. Lakini hata kama hapana kigae cha kuosha, naona deni lipo. Kwetu siku za mvua ndizo siku za jembe. Yule aliyejikunyata hemani ameliacha shamba lake likingoja, na jirani zake wamekwisha anza kupanda. Ama yule aliyekwenda zake nyumbani kabla ya kuruhusiwa, shauri lake ni jingine, wala sijaweza kulikata.