Je, Msomi Aliyekwenda Mbali Amewatupa Wenzake?

Hapa Nzega hakuna mzazi asiyefurahi mtoto wake anapopata nafasi ya kusoma mbali. Lakini miaka ikipita naye harudi, furaha hugeuka kuwa swali: mtu aliyesomeshwa kwa jasho la wenzake akiondoka, amewatupa?

Mwalimu Nyerere alikuwa na jibu kali. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi na msaada, huyo ni msaliti.

Tulipime jambo hili kwa maisha ya Abdus Salam, aliyezaliwa mwaka 1926 na kukulia Jhang, mji ulioko Pakistani ya leo. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya elimu. Mwaka 1946 alipata msaada wa kwenda kusoma Cambridge, na mwaka 1951 akarudi nyumbani kufundisha Lahore, kama tunavyotaka vijana wetu wafanye. Huko hakuwa na mwenzake wa kujadiliana naye fizikia. Mkuu wa chuo akampa kazi ya ziada: kusimamia timu ya mpira. Mwaka 1954 akaondoka kurudi Uingereza.

Kazi yake ilihusu nguvu mbili: ile ya umeme na sumaku, na ile iitwayo nguvu dhaifu, iliyomo katika kiini cha atomi, ambayo bila hiyo jua lisingewaka kama liwakavyo. Yeye na Wamarekani wawili, Sheldon Glashow na Steven Weinberg, walionyesha kwamba asili yake ni moja. Mwaka 1979 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel.

Je, alikuwa msaliti? Miaka 15 kabla ya tuzo hiyo, mwaka 1964, alianzisha kituo cha fizikia mjini Trieste, Italia, kwa ajili ya wanasayansi wa nchi maskini. Mwalimu wa chuo kikuu huenda pale kwa wiki au miezi michache, husoma na kujadiliana na wenzake, kisha hurudi kwa wanafunzi wake. Halazimiki kuchagua kati ya elimu yake na nchi yake, kama Salam alivyolazimika. Alikiongoza karibu miaka 30, na alikufa mwaka 1996 akiwa bado raia wa Pakistani, ingawa mwaka 1974 katiba ya nchi hiyo ilitamka kwamba watu wa dhehebu lake, Ahmadiyya, si Waislamu. Mwaka 2018 kituo ndugu kilifunguliwa Kigali, mji yanakokwenda malori yapitayo hapa Nzega kuelekea Rusumo.

Basi Mwalimu alisema kweli, ila tumsikie vizuri: kipimo ni chakula, si miguu. Yuko akaaye nyumbani akala peke yake. Wala kijana asijifiche nyuma ya Salam kama hana mzigo wowote anaowatafutia wenzake.

Lakini swali linatugeukia nasi tuliobaki. Katika mfano wa talanta, mtumwa aliifukia mwenyewe talanta yake. Kule Lahore waliokaribia kuifukia ni wenyeji. Kwa hiyo msomi akirudi kwetu, kabla ya kumwuliza ametuletea nini, tumwulize anahitaji nini ili aifanye kazi aliyoisomea.