Haki ya Jirani wa Chini



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu katika imani, nawausia nyinyi na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Tukizungumzia biashara ya halali, huwa tunataja riba, rushwa na mizani. Leo naomba tuongeze maji. Mfanyabiashara anayeyatumia kwa fujo, au anayeyarudisha mtoni yakiwa machafu, anakula haki ya mtu, hata kama risiti zake zote ziko sawa.

Mimi ni mtoto wa Rusizi, na wilaya yetu inatuonyesha jambo hili kwa macho. Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu pale Kamembe na Bukavu zinapotazamana. Unateremka, unazungusha mitambo ya umeme ya Rusizi ya kwanza na ya pili, unapita kando ya bonde la Bugarama lenye mashamba ya mpunga, kisha unaendelea kati ya Burundi na Kongo hadi Ziwa Tanganyika. Maji yakitupita sisi, kuna watu wa mataifa mengine wanaoyangoja. Kila mmoja wetu ana jirani wa juu, na kila mmoja ana jirani wa chini.

Uislamu umeweka hukumu ya majirani hawa. Bukhari amepokea kisa cha Zubayr bin al-Awwam aliyegombania mfereji wa Harra na mtu wa Answari. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Zubayr, aliyekuwa juu, amwagilie mitende yake kisha amwachilie jirani yake maji. Aliye juu hutangulia, lakini kutangulia si kumiliki. Na watu wa Nabii Swaleh (a.s.) walipangiwa zamu: siku ya ngamia na siku yao, kama tunavyosoma katika Suratush-Shu'araa. Mkulima wa Bugarama anayefungua maji siku isiyo zamu yake amedhulumu, hata akiwa wa safu ya kwanza msikitini.

Kuna na dhuluma ya kuchafua. Mtume (s.a.w.) alionya dhidi ya kujisaidia penye vyanzo vya maji, akaihesabu miongoni mwa mambo yanayoleta laana. Ikiwa hilo ni haja ya mtu mmoja, vipi uchafu wa kiwanda kizima?

Chukueni mfano wa vituo vya kuoshea kahawa. Kahawa mbivu humenywa, huchachushwa ili utelezi utoke, kisha huoshwa. Maji yanayobaki yamejaa sukari na mabaki ya tunda. Yakimwagwa mtoni, yanaoza na kumaliza hewa ambayo samaki wanaihitaji, na aliye chini anateka maji yanayonuka. Msimu huo humalizikia Juni au Julai, wakati mvua zimekatika na vijito vimepungua.

Dawa yake inajulikana. Kwanza, pima: asiyejua anatumia lita ngapi kwa kila kilo hawezi kupunguza. Pili, tumia tena: maji ya kuoshea yanaweza kurudishwa kumenyea mzigo unaofuata, na zipo mashine zinazomenya kwa maji machache. Tatu, tenga: maganda yawe mbolea, na maji machafu yapitie mashimo ya kutuamia yaliyo mbali na kijito. Nne, keti na majirani kabla ya ugomvi, mpange zamu.

Atakayesema gharama ni kubwa, nitamwuliza: sasa hivi nani anailipa? Ni yule mama wa chini anayepanda mlima kutafuta maji mengine. Faida iliyobaki mfukoni mwako kwa sababu yeye amelipa, utaiita halali?

Ndugu zangu, wengi wetu kesho tutakuwa wahasibu, wahandisi, mabwana shamba na wenye hoteli kando ya Ziwa Kivu. Wewe unayesoma uhasibu, usikubali hesabu isiyo na mstari wa maji. Wewe mhandisi, usichore bomba la kuingiza bila kuchora la kutokea. Na sote tuanzie kwenye udhu. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, isiyofika lita, wapo kati yetu wanaoacha bomba likimwagika mpaka wamalize kukunja mikono ya shati. Asiyeweza kuhifadhi maji ya ibada hatahifadhi ya kiwanda.

Ewe Mola wetu, tupe chumo lisilo na haki ya mtu ndani yake. Usiyafanye maji yetu kuwa ushahidi dhidi yetu Siku ya Hesabu, na utujaalie tuwe majirani wema kwa walio juu na walio chini yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.